Msomaji wa Kwanza

Tarehe 9 Januari

Mume wangu,

Bahasha hii ni nene kwa sababu nimeweka humo sura tatu za mwanzo. Dereva wa lori la saruji ameniahidi atakukabidhi mkononi, hataziweka chini ya kiti pamoja na spana zake kama safari iliyopita. Nimemwambia ukurasa hata mmoja ukiingia grisi nitamtia kwenye kitabu na kumuua sura ya pili. Amecheka, lakini nimeona amezishika vizuri zaidi.

Nyumbani hatujambo. Mama yako ni goti tu linalomsumbua asubuhi. Tunaishi kama paka wawili wenye heshima, yeye sebuleni na redio yake, mimi stoo na karatasi zangu. Jana jirani alikuja kuniulizia. Mama akamjibu, "Yuko ndani, anazaa karatasi." Nilijifanya sikusikia.

Kazi yangu unaijua. Asubuhi natafsiri vikaratasi vya dawa. Tikisa chupa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto. Nikimaliza, ubongo wenyewe umeshatikiswa, ndipo namrudia mkunga wa hadithi yangu, yule aliyeachwa na mume. Juzi nilialikwa shule moja nikazungumze na wanafunzi. Mwalimu mkuu alinimwagia sifa, akataja na kitabu changu maarufu. Si changu, ni cha marehemu fulani. Wanafunzi walipiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa kama vile ni changu. Ningefanyaje?

Mhariri naye anasema mkunga anachelewa kupata matatizo, msomaji wa leo hana subira. Nikamwuliza amefika ukurasa wa ngapi. Akasema amesoma muhtasari.

Ndiyo maana nakuhitaji. Tangu kitabu cha kwanza wewe ndiye msomaji wangu wa kwanza. Lakini safari hii, tafadhali, usiniandikie "Nzuri, endelea." Nisome kama unavyokagua nguzo za daraja lako. Niambie ufa uko wapi.

Mkeo,
Bibi Kalamu


Tarehe 11 Februari

Bibi Kalamu wangu,

Mzigo umefika, grisi haikuingia. Huku mvua inatukimbiza. Nguzo ya pili tumeimwagia zege, ya tatu mto umeikataa. Simu bado haishiki mpaka upande mlimani, na mlimani kuna nyuki. Nakula vizuri, usijali.

Kuhusu hadithi. Mkunga analia mara mbili katika ukurasa mmoja. Akilia mara moja tutalia naye. Akilia mara ya pili tutamwacha alie peke yake. Futa kilio cha kwanza. Wale wanaume wanaobishana kisimani hawazungumzi, wanahutubiana. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala anayesema jambo la kijinga, na hapo ndipo nilipoacha kuwaamini. Shangazi naye anaingia sura ya tatu mikono mitupu. Mtu haji nyumbani kwa mwenzake mikono mitupu ila awe amekuja kuchukua kitu. Kama ulikusudia, umeficha mno. Kama hukukusudia, bahati imekupendelea, itumie.

Na ile sentensi ya mkunga ananawa mikono huku akisikiliza kama mtoto atalia, usiiguse. Niliisoma kwa sauti.

Naitwa, lori la kokoto limekwama.

Mumeo


Tarehe 1 Machi

Mume wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wewe ni nani, na mume wangu umempeleka wapi?

Miaka yote hii nimelala na mhakiki ndani ya nyumba bila kujua. Pengine ni upweke wa huko, mtu akikosa watu wa kuzungumza nao huanza kusikiliza karatasi. Kilio cha kwanza nimekifuta. Wanaume wa kisimani sasa wanakatizana, na mmoja anasimulia habari za jino lake bovu katikati ya ugomvi wa watu. Shangazi nakiri sikumkusudia. Sasa nimemkusudia. Amekuja kuchukua kitanda.

Nilikwenda kwa mhariri. Anataka kitabu kipungue nusu, eti watoto wa shule hawabebi matofali. Nikamsomea maneno yako. Akauliza, "Huyu mumeo ni mhandisi wa nini hasa?" Nilitoka pale natembea kama niliyevaa viatu vipya.

Mama anasafiri kesho kutwa kwenda kumtazama dada yake anayeumwa miguu. Kule ni baridi, kwa hiyo nimempa shali yangu ya kijivu, ile uliyoniletea ulipopata kazi ya kwanza. Alinishukuru kupita kiasi. Alipotoka nayo, mlangoni mwa stoo alinishika mkono akasema, "Wewe ni binti yangu, hata iweje." Sikumzoea hivyo. Labda ugonjwa wa dada yake ni mkubwa kuliko anavyosema.

Nakutumia sura nne nyingine. Niseme jambo moja, na usinicheke. Nikiandika sasa, nakusikia. Kabla sentensi haijaisha nimeshajua hapa utakunja uso, hapa utatulia. Sijawahi kuandika na mtu begani namna hii. Njoo likizo upesi.

Mkeo,
Bibi Kalamu


Tarehe 6 Aprili

Bibi Kalamu,

Safari hii nimebanwa, mkandarasi yuko hapa hapa na kofia yake. Sikupata nafasi ya kukuandikia mambo ya sura kwa kirefu, kwa hiyo narudisha kurasa zenyewe. Hizo alama nyekundu ni za Karani, mzee mmoja wa ofisini kwetu, mwalimu mstaafu. Jioni tunakaa tunajadiliana, mawazo yangu, mwandiko wake. Usishangae.

Nguzo ya tatu imesimama. Endelea kutuma sura.

Mumeo


Tarehe 25 Aprili

Kwa mzee wangu mwenye kalamu nyekundu,

Shikamoo. Hatujaonana, ila umeniona kuliko watu wengi ninaoonana nao. Nimeibana barua hii katikati ya sura ya kumi kwa sababu najua utafika hapa. Mhandisi wetu mikono yake imejaa zege, sikutaka kumbebesha na salamu.

Nashukuru kwa kila mstari mwekundu, hata ile iliyonitia hasira. Pale mkunga anapomzalisha mke wa fundi kimya kimya, umeandika pembeni: "Mkunga wa kweli hanyamazi. Anamwongelesha mzazi upuuzi wowote, mvua, bei ya mkaa, ili asiogope." Umejuaje wewe, mwanamume? Nimeiandika upya sehemu yote, na kwa mara ya kwanza chumba kile kina joto.

Nina swali ambalo sijathubutu kumwuliza mtu. Mwisho wa kitabu, mume wa mkunga anarudi baada ya miaka, anabisha hodi. Nimeandika mkunga anafungua. Lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Wewe ungeshauri nini?

Anwani yangu ya posta iko nyuma ya karatasi hii, ukipenda kunijibu mwenyewe.

Mwandishi


Tarehe 17 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Nimecheka mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani. Mzee? Tena na shikamoo juu? Kaka yako ana utani mbaya. Mimi ndiye mwenye kalamu nyekundu, na sina hata mvi moja.

Nafundisha lugha sekondari ya hapa karibu na daraja. Mwaka jana alinikuta kwenye mgahawa nasahihisha insha, akasimama mbele ya meza yangu akasema, "Dada yangu ni mwandishi. Angekupenda wewe." Nikadhani ni maneno ya wanaume. Kesho yake akaniletea vitabu vyako viwili. Nilivimaliza kabla ya wiki kwisha, na nadhani nilimkubali yeye kwa sababu hiyo, maana mtu mwenye dada wa namna ile hawezi kuwa mtu wa ovyo. Sura zako zikifika ananipa mimi kwanza. Mpaka leo hajaniambia kama alikueleza kuwa ninayekusoma ni mimi. Naona alitaka tukutane siku ya harusi, Agosti, unishangae pale pale. Basi nimemharibia.

Mama alipokuja kwetu kuniposa mwezi wa tatu, alikutaja wewe kila baada ya maneno mawili. "Binti yangu mwandishi, binti yangu mwandishi." Alinivika shali ya kijivu akasema imetoka kwako, ya wifi kwa wifi. Ninayo mabegani ninapoandika.

Habari za mkunga kuongea nilizijua dada yangu alipojifungua. Mkunga alimsimulia habari za mbuzi wake mpaka mtoto akatoka. Na siku hizi mambo hayo nayasikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu ambayo kaka yako ataniruhusu nikuambie baadaye.

Kuhusu mwisho, asifungue. Si kwa hasira. Amsikilize tu akibisha, amjue kwa kubisha kwake, kisha arudi kitandani. Mwanamke huyu amepokea watoto wote wa mji ule, anajua tofauti ya mtu anayekuja duniani na mtu anayetafuta pa kulala.

Wifi yako mtarajiwa,
Mwalimu


Tarehe 20 Mei

Bibi Kalamu,

Sura ya kumi tumeipokea. Imekaa vizuri, mimi na Karani tumekubaliana. Anakusalimu sana, mzee yule.

Likizo yangu itachelewa hadi Septemba. Agosti kuna ukaguzi mkubwa wa daraja, siwezi kutoka. Nisalimie mama.

Mumeo


Tarehe 2 Juni

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma kama unavyosoma wewe, polepole na kalamu mkononi. Kuna neno moja tu la kusahihisha, nawe umeanza nalo na kumaliza nalo.

Mimi si wifi yako. Mtu unayemwita kaka yangu ni mume wangu. Alinioa kabla sijaandika hata kitabu kimoja. Mama aliyekuja kukuposa anaishi kwangu, hivi sasa yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Hakuna mzee Karani. Shali ni yangu kweli, ila mimi nilimpa mama kwa ajili ya baridi.

Kwa jinsi ulivyoandika naona hukujua. Kama ulijua, basi wewe ni mtunzi kuliko mimi.

Mke wake


Tarehe 4 Juni

Bwana mhandisi,

Ile barua niliyomwandikia Karani wako niliibana katikati ya sura ya kumi. Ilikuwa karatasi ya rangi nyingine, imechomoza pembeni. Ungefunua kurasa hata kwa kupepetea jasho ungeiona. Hukufunua. Ulibeba mzigo kutoka mkono wa dereva mpaka mkono wa Mwalimu kama anayebeba mfuko wa misumari. Naye amenijibu. Amenipa na tarehe ya ukaguzi wako wa Agosti.

Nilikwenda sebuleni nikazima redio. Mama akaniangalia.

Nikamwuliza, "Dada yako miguu inaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Na shali ilimtosha?"

Akatazama mikono yake. "Nani amekuambia?"

"Aliyeivaa."

Akasugua goti lake. Kisha akasema bila hasira, kama anayenipangia sahani mezani, "Mwanangu alitaka mtoto. Mimi nilitaka mjukuu. Wewe ulitaka vitabu. Kila mtu amepata."

Nikamwuliza, kama ndivyo, kwa nini alinishika mkono pale mlangoni akaniita binti yake. Akasema, "Hapo sikukudanganya." Kinachoniuma ni kwamba namwamini. Alinipenda, akachukua shali yangu, akaenda kumposa mwenzangu nayo. Yote mawili kwa mkono mmoja.

Sasa wewe. Unalala na nani ni jambo moja, lina maneno yake, na nitayapata, hii ndiyo kazi yangu. Lakini uliniletea sauti ya mtu mwingine ukasema ni yako. Nilikupenda upya kwa sauti hiyo. Niliamka asubuhi na mapema kwa ajili yake. Nilimsomea mhariri nikivimba kichwa. Umenivunjia nyumba mbili, na hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nakaa.

Nakuuliza swali moja, ujibu ukipenda. Watu wa mji ule wanamwitaje mkunga wangu? Jina lake la utani liko karibu kila ukurasa tangu wa kwanza.

Mimi


Tarehe 22 Juni

Mke wangu,

Nimepokea barua yako. Umeandika kwa hasira na sikulaumu. Naomba tuongee kama watu wazima.

Nilikuwa nimepanga kukuambia nikija. Jambo kama hili haliandikwi, linazungumzwa mtu na mtu. Nilisubiri nafasi nzuri, nafasi haikupatikana, kazi hii unaijua. Mama ana umri, alitaka kuona damu yake kabla hajafa. Mimi pia ni binadamu. Hatukujaliwa, sikukusema hata siku moja, na wewe huwezi kusema niliwahi kukusema.

Nilimwambia wewe ni dada yangu kwa sababu sikutaka kukuficha. Ningeweza kutokukutaja kabisa. Nilikutaja kila siku.

Hayo ya kitabu sikuelewi. Mimi ni mtu wa zege. Ukinipa karatasi, ukurasa wa pili nimeshasinzia, na wewe unajua. Nilikupatia mtu wa kukusoma vizuri kuliko mimi, ukafurahi. Barua yako ya mwezi wa tatu, sikumbuki lini nilikuona na furaha vile. Nani amekuumiza hapo?

Swali lako la mkunga ni la kitoto.

Nakuomba usimwandikie tena mwenzako. Ni mjamzito, hastahili misukosuko.

Mumeo


Tarehe 30 Juni

Dada,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina lile jingine sina haki nalo, na sipati jingine.

Nilipopata barua yako nilikwenda darajani na nguo zangu za kazi, chaki mkononi. Alikuwa kwenye jukwaa la nguzo ya tatu na watu wake. Nikamwambia ashuke. Akasema ana kazi. Nikamwuliza kwa sauti, mbele yao, mwandishi ni nani kwako. Mafundi wote wakaacha kupiga nyundo. Alishuka. Alisema, "Nilikuwa nasubiri nafasi nzuri." Hilo tu. Nilingoja sentensi ya pili, haikuja.

Kuna jambo nadhani unapaswa kulijua. Vile vitabu vyako viwili aliponipa vilikuwa vipya kabisa, kurasa bado zimegandana. Lakini kila kimoja, ukurasa mmoja wa mwanzoni ulikuwa umekatwa, umekatwa vizuri, kwa wembe na rula. Nilipomwuliza alisema ni makosa ya kiwandani. Sasa najua kulikuwa na jina la nani pale.

Nimemwambia baba hakuna harusi. Baba ni mkuu wa shule hii, mtu mwenye kupenda mambo yaliyonyooka. Aliondoka mezani. Tumbo langu limeanza kuonekana, na darasani wasichana wa nyuma wameshaanza kunong'ona. Wacha wanong'one. Nitazaa, nitafundisha.

Shali nimeifua, iko ndani ya kifurushi hiki.

Sina haki ya kukuomba lolote. Lakini nimebaki sijui kama mkunga alifungua.

Mwalimu


Tarehe 15 Julai

Mwalimu,

Shali imefika. Imenyooshwa vizuri kuliko nilivyowahi kuinyoosha mimi.

Ukurasa uliokatwa ulikuwa na maneno haya, katika vitabu vyote viwili: "Kwa mume wangu, anayesoma kwanza." Mhariri alisema nibadilishe cha pili angalau, nikakataa. Niliona kubadilisha ni kukosa uaminifu.

Nilijaribu kukuchukia. Niliweza kwa siku chache. Kisha nikakwama sura ya kumi na nne, na kabla sijajizuia nikawa najiuliza ungeandika nini pembeni. Ni aibu kubwa kumhitaji mtu niliyepaswa kumlaani. Lakini mwandishi hachagui masikio yanayomsikia. Mhariri anataka kitabu chembamba, majirani wananiuliza kama bado naandika, kana kwamba ni homa, na mama yuko sebuleni, hana pa kwenda. Sina moyo wa kumtoa mtu mwenye goti bovu. Tunapishana kwenye korido tukipeana njia.

Nitakuambia jambo. Ile sentensi ya mkunga ananawa mikono akisikiliza kama mtoto atalia, uliyosema uliisoma kwa sauti. Nilidhani aliyeisoma kwa sauti ni yeye, na nililia kwa shukrani. Ni hospitali, miaka mingi nyuma. Mimi ndiye niliyelala pale, na mkunga alikuwa ananawa, na sote wawili tulikuwa tunasikiliza. Mtoto hakulia. Mume wangu alikuwa nje ya mlango. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Nilipoliandika, nilikuwa namwambia yeye, kwa njia pekee ninayoiweza. Sasa najua halikumfikia. Lilikufikia wewe. Nimekupa, litunze.

Sura ya mwisho nimeiandika upya, nayo imo humu. Mkunga hafungui. Ulikuwa na haki, ila nilihangaika nayo sana, kwa sababu sikujua mwanamke anafanya nini na mikono yake baada ya kutofungua mlango. Utaona nilichompa.

Soma. Uwe mkali.

Mwandishi


Tarehe 12 Septemba

Dada,

Umengoja. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana, mimi ninayewafokea wanafunzi kwa kupoteza karatasi.

Nimeolewa naye. Agosti, siku ile ile iliyopangwa.

Baba alisema shule yake haiwezi kuwa na mwalimu mwenye tumbo lisilo na jina, na kama mwalimu huyo ni binti yake, basi yeye ndiye atakayejiuzulu. Aliandika barua ya kujiuzulu akaiacha mezani pale ninapokunywa chai. Mama naye akaja, mama mkwe wako, akakaa nami siku nyingi, akanikanda miguu. Na mhandisi mwenyewe alikuja kila jioni akakaa nje ya uzio. Aliniambia mmekwisha achana. Sikumwuliza kama ni kweli. Mtu huuliza anapokuwa hajui jibu.

Kuna jambo jingine, nikilificha nitakuwa nimekudanganya mara mbili. Nilimsomea habari ya hospitali. Nilitaka kuona kama ana moyo, kabla sijaamua. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakamlenga machozi, nami nikasema basi, yumo mtu humu ndani. Niliamua kwa sababu hiyo. Najua halikuwa langu la kumsomea mtu.

Sura ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Ni kamilifu. Nairudisha bila alama hata moja. Mikono ya mkunga pale mwishoni nimeshindwa kuisahau.

Nilimsahihisha mkunga vizuri kuliko nilivyojisahihisha. Ukiniruhusu, ningependa niendelee kukusoma. Ndicho kitu kimoja nilichokifanya kwako ambacho hakikuwa uongo.

Mwalimu


Tarehe 3 Oktoba

Mwalimu,

Hatukuachana. Alikudanganya, na naona ulikubali kudanganywa ukiwa macho. Sasa tunaachana. Karatasi ziko kwa wakili, mimi ndiye niliyezipeleka, kwa hiyo ukipenda unaweza kusema alikuambia ukweli mapema kidogo.

Mama aliondoka Agosti. Aliniambia anakwenda kwa dada yake. Alitumia maneno yale yale, hakujisumbua hata kuyabadilisha, na mimi nikambebea begi hadi barabarani kwa sababu ya goti. Nilipoinua mkono kumuaga nilijua anakokwenda, naye alijua najua. Hajarudi. Redio ameiacha.

Unasema machozi yalimlenga. Huenda. Alikuwa na miaka ya kunililia mimi, nami nilikuwa chumba cha pili. Umechukua jambo nililokupa ulitunze, ukalitumia kumpima mwanamume, naye akafaulu mtihani kwa jibu langu. Kati ya yote mliyonifanyia ninyi watatu, hili ndilo ambalo bado sijalipatia maneno.

Mhariri amekubali kitabu chote bila kukipunguza. Sura ya mwisho ndiyo iliyomshinda nguvu. Alinipigia simu akiwa bado anaisoma, safari hii kweli anasoma, nilisikia kurasa zikigeuka. Kwa hiyo nilichukua nakala uliyonirudishia niipitie kabla haijakwenda kiwandani. Ni kweli, hukuweka alama. Lakini ukurasa wa mwisho kabisa, pale mkunga anaposikia hodi, nilikosea. Nimeandika "alijuwa" na mbele yake neno zima limeruka, sentensi haina kichwa wala miguu. Mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza angeliona. Wewe ulisoma mara nyingi na hukuliona.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Hukuwa unasoma tena. Ulikuwa unaomba msamaha, na anayeomba msamaha huona kila kitu ni kamilifu. "Nzuri, endelea." Msomaji wa namna hiyo nilikuwa naye miaka mingi, sasa unaye wewe.

Ulikuwa msomaji bora kuliko wote niliowahi kupata. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sitalisema tena.

Kitabu kitatoka mwakani. Kitakuwa dukani. Kanunue.

Mwandishi